Fundi Aliyepata Shanga

Fundi cherehani alikuwa akihangaika kutia uzi kwenye sindano aliposikia hodi. Mlangoni alisimama yeye mwenyewe, fundi wa pili, kavaa shati lake lilelile la buluu, anang'aa kidogo kama simu iliyosahauliwa mfukoni.

"Karibu," alisema fundi. "Wewe ndiye uliyepata shanga?"

"Ndiye mimi."

Hospitali ilikuwa ikilinganisha tiba mbili za saratani ya ini iliyokomaa, na kura ndiyo iliyoamua nani apewe ipi. Fundi aliangukia vidonge. Huyu mwingine alipata shanga ndogo za mionzi, ndogo kuliko punje ya mchanga, zilizopitishwa kwenye mshipa wa damu mpaka ndani ya ini.

Mke wa fundi akaongeza sahani. "Mkoromaji mmoja alikuwa ananitosha," alisema. "Haya, nionyesheni mikono."

Ya mgeni ilikuwa laini. Ya fundi ilikuwa imechubuka viganjani kwa madhara ya vidonge, na gauni alilomwahidi binti yake, la kuvaa siku ya kutoka hospitali na mtoto, lilikuwa bado vipande mezani.

Binti akaingia, tumbo mbele. "Shikamoo, baba. Shikamoo, baba."

"Marahaba," walijibu pamoja. Mgeni akarudi nyuma hadi ukutani. "Usinisogelee, mwanangu. Mionzi haijapoa, na hauko peke yako."

Asubuhi wote wawili walikwenda kwa daktari. Aliwapima, akavuta kiti cha pili.

"Kwa urefu wa kuishi, tiba hizi hazijapishana sana," alisema. "Habari njema. Ini linasikia dawa, kwenu nyote."

"Na mikono?" aliuliza fundi.

"Mikono hatupimi, mzee."

Akamwandikia vidonge vilevile.

Mgeni alishinda kwenye cherehani akishona gauni, mishono imenyooka kama barabara mpya. Ilipobaki pindo, akainuka.

"Malizia," alisema fundi. "Mikono ni ileile."

"Ulipoahidi, mimi sikuwepo."

Fundi akafunga vidole kwa vitambaa, akashona pindo kwa mkono, akipumzika kila baada ya mishono michache.

Binti alitoka hospitali amevaa gauni lake, mtoto kifuani. Mgeni, ambaye sasa hakung'aa tena, alibeba mkoba.

"Pindo limekwenda upogo," alisema mke wa fundi. "Na hili doa la damu?"

Fundi alivuta pindo kidogo kwa kidole kilichofungwa.

"Limeshika," alisema.