Usimngoje Mwimbaji

Mimi sina subira, soko lote la Rodi Kopany linajua. Mteja akisumbuka kuchagua kitenge, namkatia ninachoona kinamfaa. Kwa hiyo Benta, mwalimu wetu wa densi, aliponiambia nachelewa, nilitamani kumrushia kiatu.

"Nyar Kisii, wenzako wako kulia, wewe bado unafikiria," alisema mbele ya wasichana wote, akiniita binti wa Kisii kwa Kijaluo chao. "Harusi ni Jumapili ijayo. Mwenye hatashika step nitamtoa kwa line."

Harusi ilikuwa ya Nyamoita, mdogo wangu wa pekee, aliyekuwa anaolewa Karungu. Wasimamizi wake tulipaswa kuingia hemani kwa mstari tukicheza, mimi wa mwisho, mbele yake kabisa. Aliniomba hivyo akiwa amenishika mikono yote miwili. Nitolewe?

Tatizo ni kwamba sisi ni Wasabato. Kwetu tuliimba bila ngoma wala gitaa, na densi mama aliiita njia ya kupotea. Hakujua kama nafanya mazoezi.

Wengine walipoondoka Benta alinibakiza. Aliwasha muziki, akanitazama miguu, akacheka.

"Unangoja mtu aimbe ndio uanze. Achana na mwimbaji, huyo anaingia akitaka. Sikiza besi." Akanigonga begani kwa kiganja, akihesabu mpaka nane, kisha akaanza moja tena. "Kulia, unganisha, kulia, gusa. Hapo kwa kugusa usikanyage. Ukiweka uzito, huo mguu umenasa, na ndio unafaa kurudi nao kushoto."

Ikaniingia. Nilifurahi hadi nikaona aibu.

Wiki hiyo sikutulia. Nilihesabu nikipima vitambaa, nikisonga ugali, nikivuka barabara. Kitandani miguu ilisumbua blanketi. Na Sabato, tukiwa katikati ya wimbo, mama alitazama chini ya benchi akaona viatu vyangu: kulia, unganisha, kulia, gusa.

Nje ya kanisa hakupaza sauti; habari za mstari wa wasimamizi alikuwa amezisikia, sasa akajua nimo. "Emmah, kesho kanisani nitakuja. Hemani pia nitakuja. Lakini ukiingia na hiyo line, mimi natoka."

Nilimweleza Nyamoita. Akasema, "Mimi siwezi kukuchagulia." Afadhali angelia. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mama, nikamkasirikia hata Benta na besi yake.

Siku ya harusi tulijipanga nje ya hema. Kati ya vichwa vya watu nilimwona mama mstari wa mbele, mkoba magotini, akinitazama moja kwa moja. Nilikuwa bado naweza kutoka. Nyuma yangu nilisikia Nyamoita akihema.

Besi ikapiga. Nikaingia.

Mama alisimama, akaning'iniza mkoba begani, akapita pembeni bila haraka. Nikatamani kukosea. Nikatamani nijikwae vibaya, Benta anitoe mbele ya wote, nimkimbilie mama kabla hajafika barabarani. Miguu ikakataa. Ilishajua kazi yake, ikaniburuta kulia na kushoto mpaka nikakifikia kiti chake kitupu, kisha ikanigeuza pamoja na wenzangu.

Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nalia, na sikukosea hata hatua moja.