Viatu vya Siku Kumi na Moja

Gunnvor, bibi wa miaka themanini na nne, alisimama mbele ya kabati la kioo katika makumbusho ya kijiji cha Hjelmevik. Ndani kulikuwa na viatu viwili vya mtoto, vya ngozi, na kikaratasi: "Viatu vya Gunnvor Aske, ambaye bado tunaye."

"Torleiv! Huu ni uongo mtupu."

Torleiv, mwalimu mstaafu aliyejitolea kuitunza nyumba hiyo, alikuja na birika la kahawa mkononi. "Uongo tena, Bi Gunnvor? Si uliandika mwenyewe?" Akafunua daftari. Mwenye kitu: Gunnvor Aske. Aliyekileta: Gunnvor Aske. Mwandiko ulikuwa wake.

"Huyo wa juu ni dada yangu. Alikufa, nikazaliwa mimi, nikapewa jina lake. Si ndivyo walivyofanya wazee wetu wote? Nilidhani mtajua!"

Dada huyo alitembea siku kumi na moja tu, kifaduro kikamchukua. Mama yao alivifungia viatu sandukuni, na Gunnvor wa pili akajifunza kutembea kwa soksi. Kila mama alipoita jina lile, sauti ilimpita mtoto aliyekuwa mbele yake ikaenda kumtafuta mwingine. Gunnvor alimwonea wivu marehemu utoto wake wote. Uzeeni ndipo alipoanza kumhurumia.

"Mimi nakuamini," Torleiv alisema, "ila kamati itataka maandishi. Kitabu cha kanisa?"

"Kiliungua pamoja na kanisa."

"Basi kaburi."

Gunnvor aligeukia kabati. Huko kwao, kaburi ambalo jamaa hawaombi liendelee kuwa lao hupewa maiti mwingine, kila mtu anajua hilo. Barua ya kuuliza kama bado wanalitaka ilimfikia zamani, akaibandika kwenye friji, akasema atajibu wiki ijayo. Sasa pale amelala fundi wa mashua.

Mlango ulifunguliwa, akaingia mwanamke mgeni na bintiye. Binti akasoma kikaratasi kwa sauti. "Nani huyu, ambaye bado mnaye?"

"Ndiye huyu bibi," Torleiv akaropoka kwa mazoea.

"Ni vya dada yangu," Gunnvor akasema haraka.

"Aliitwa nani?"

"Gunnvor."

"Na wewe?"

"Gunnvor."

Binti akacheka. Mama yake akamvuta mkono, akamnong'oneza, "Usimchoshe bibi wa watu, umri huo." Gunnvor alisikia kila neno. Akamtazama Torleiv amtetee, lakini Torleiv alikuwa ameinama, anawamiminia wageni kahawa.

"Basi vilikubana?" binti akauliza, kwa upole sasa, kama anayemliwaza mtoto.

Gunnvor aliziangalia soli za viatu, zilizolika kidogo upande mmoja. Ni yeye peke yake aliyebaki duniani anayejua ni nani aliyezichakaza, na alikuwa amechoka.

"Kidogo," akasema, na moyoni akajua amemmaliza dada yake.