Mpishi Awekwe wa Mwisho

Kiranja alirudi likizo na cheo chake begini. Shuleni alikuwa kiranja wa bweni, na hakuna aliyepata moyo wa kumwambia kwamba nyumbani si bweni. Asubuhi alikagua vitanda. Jioni alikagua miguu. Mama alimwachia tu, akisema akichoka kutawala atalala. Mdogo wake wa kike, aliyeitwa Kiberiti kwa sababu ambazo hazihitaji maelezo, hakumwachia hata kidogo.

Ugomvi mkuu wa likizo ile, ambao wanahistoria watauandika wakipata nafasi, ulihusu mpishi.

Mpishi huyu hakuwa mtu wa nyama na damu. Alikuwa mpiganaji katika mchezo wa kwenye runinga, uliochezwa kila Jumamosi mchana nyuma ya duka la fundi simu, vijana wa mtaa wa juu dhidi ya wale wa bondeni. Alikuwa mfupi, kitambi mbele, aproni kifuani, upawa mkononi. Wapiganaji wengine walijaliwa mapanga, mabawa na ngumi za umeme. Aliyemchagua Mpishi alichekwa kabla hajashika padi ya kuchezea. Kiberiti alimchagua mara ya kwanza kwa ubishi tu. Kisha akamzoea, akampenda, na mwisho akamjua kuliko mtu yeyote mtaani.

Na alichokijua ni hiki. Kila timu ilikuwa na watu watatu, kila mmoja na mpiganaji wake. Aliyeshinda alibaki ulingoni na majeraha yake, aliyeanguka alimpisha mwenzake. Wa kwanza aliingia mikono mitupu. Wa pili alipewa mwali mmoja wa nguvu, wa tatu miali miwili. Bila mwali, Mpishi ni mzee mwenye kijiko kirefu. Akipata mwali, anainua sufuria na kumwaga supu inayochemka ulingo mzima, na adui hapati pa kukanyaga.

"Kwa hiyo Mpishi awekwe wa mwisho," Kiberiti alisema Jumamosi hiyo asubuhi, wakinywa chai.

"Wa mwisho ni nafasi ya nahodha," Kiranja alijibu.

"Nani kasema?"

"Nahodha."

"Kaka, wewe yule ndege wako hahitaji mwali. Anaruka, anadonoa, basi. Mimi bila miali nitapigwa kama ngoma."

"Ndiyo kazi yako. Wewe ni chambo. Unaanza, unakufa haraka, mimi na Twiga tunamalizia."

Twiga, binamu yao, ambaye aliinama kila alipopita mlangoni, alitazama ndani ya kikombe chake kama aliyeona samaki humo.

"Na sikiliza," Kiranja aliongeza. "Ukifa bila kuangusha hata mmoja, Jumamosi ijayo nafasi yako nampa rafiki yangu anayecheza na Radi, yule mpiganaji wa umeme. Timu si mahali pa kufugia wapishi."

Kiberiti aliweka kikombe chini taratibu, maana angekiweka kwa kasi aliyoitaka kingevunjika. Chambo! Neno lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu anakuweka mahali pa kufia, halafu anakufukuza kwa kosa la kufa!

Duka la fundi lilinuka risasi ya kulehemu. Simu zilizofunguliwa matumbo zililala juu ya meza, skrubu zake zimepangwa kwenye vifuniko vya chupa. Huko nyuma palikuwa na benchi mbili na runinga, na desturi moja iliyoheshimiwa kama sala: kila nahodha alimnong'oneza fundi mpangilio wa timu yake sikioni, ili upande wa pili usiusikie. Mchezo ukishaanza, hakuna kubadilisha.

Kiranja alinong'ona, kisha akatoka nje kunyoosha viungo, kana kwamba vidole gumba vinakwenda kukimbia mbio ndefu. Kiberiti alisogea mezani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Kaka amebadilisha. Yeye wa kwanza, Twiga wa pili, mimi wa mwisho."

Fundi alitoa bisibisi mdomoni. "Mbona hajaja mwenyewe?"

"Anaona aibu. Utamwona kigeugeu."

Fundi aliwajua manahodha. Alitikisa kichwa kukubali, akarudisha bisibisi mahali pake.

"Mtaa wa juu, wa kwanza," alitangaza baadaye, "Kiranja!"

Kiranja alimgeukia mdogo wake. Mdogo wake alikuwa akichunguza dari kwa umakini wa mtu anayetaka kununua nyumba. Kupinga kungekuwa kuwaambia watu wa bondeni kwamba jeshi lake linaamrishwa na binti aliyemkagua miguu jana. 

"Ndivyo nilivyopanga," alisema, akakaa.

Ndege wake alianguka upesi, kwani mwenye ndege alikuwa akiwaza kisasi. Twiga alimwangusha yule wa kwanza wa bondeni, naye akaangushwa na wa pili. Kiberiti akashika padi.

"Mpishi huyooo!" bondeni walishangilia. "Leo tunakula nini, mama?"

Kiberiti alimvuta adui hadi pembeni, akateketeza mwali mmoja, supu ikafunika ulingo. Wa pili wa bondeni alirukaruka kama kuku kwenye bati la moto, akaanguka. Benchi nzima ikasimama.

Wa tatu alikuwa binti wa dobi, nahodha wao, na Radi wake. Walichunana bila huruma. Upawa kwa umeme, umeme kwa upawa, hadi kila mmoja akabakiza uzima wa kupulizwa tu. Kiberiti alikuwa na mwali mmoja. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe. Kubonyeza tu, na mtaa wa juu umeshinda.

Nyuma yake, kwa sauti ya mgeni rasmi, Kiranja aliwahutubia watu. "Mnaona mpango? Mimi ndiye niliyemweka wa mwisho. Nilimwona mapema, huyu."

"Mwongo mkubwa wewe!" Kiberiti aligeuka mwili mzima. "Si uliniita cha..."

Radi haisubiri mambo ya familia. Mpishi alilala chali, na mwali wake haujatumika.

"Si nilisema aanze!" Kiranja alipiga kelele. "Nilisema aanze, akaenda kumdanganya fundi!"

Binti wa dobi aliweka padi chini. "Ngoja kwanza. Sasa hivi si umesema wewe ndiye uliyempanga?"

Kicheko kiliyumbisha vifuniko vya skrubu. Twiga alicheka hadi akagonga kichwa kwenye rafu.

Kiberiti hakucheka. Alimkasirikia kaka yake, akakikasirikia kidole chake, na binti wa dobi aliposema, "Dada, nilikuwa nimekwisha, ungebonyeza tu," akamkasirikia naye kwa kusema kweli.

Njiani alitangulia, akipiga mawe teke. Kiranja alifuata mbali kidogo. Alimfikia mlangoni.

"Yule rafiki yangu wa Radi," alisema akitazama viatu vyake, "nitamwambia asije."

Kiberiti alishika kitasa.

"Nimesema nafasi ni yako. Na ukitaka, Jumamosi upange wewe." Alijikuna shingo. "Mimi utaniweka wapi?"

"Nje," alisema Kiberiti, akaingia, akaufunga mlango kwa kishindo kilichomwamsha Mama.