Viti Vinne vya Wafalme

"We Ilias, toka kwenye kiti cha Mutaga! Umekaa kama mugeni aliyenusa pilau!" Mwalimu Waridi akapiga makofi, na watoto themanini wakapiga naye: ishara ya kuhama kiti.

Viti vinne vifupi, alivyoazima asubuhi kwenye baa ya jirani hapo mtaani Bwiza, vilipangwa kwa duara mbele ya ubao. Cha kwanza kilivishwa gunia, cha pili khanga, cha tatu blanketi, cha nne ngozi ya mbuzi. Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa: ndivyo wafalme wa Burundi walivyopokezana majina, na wanne wakiisha, inarudi kwa Ntare. Ilias, ambaye macho yake yalibakiza kuona vivuli tu, aliwajua kwa vidole. Sumaya, asiyesikia, aliwajua kwa kutazama wenzake wakihama. Ingrid ndiye aliyekuwa kazi. Tangu familia yake ikimbie mtaa wao, kichwa chake hakishiki kitu. Umpe jina, geuka, limekwenda.

Mlangoni alisimama direkteri, mkuu wa shule, Bwana Népomuscène, orodha mkononi. Watoto thelathini waliokimbia vita kutoka milimani walikuwa wakingoja nafasi. Hawa watatu, alisema jana, wasipojibu leo warudi kwao.

Waridi naye alisoma darasa hilihili. Enzi hizo baba yake, fundi cherehani wa mtaa wa Jabe, alimshonea gauni kila mwaka wa shule, na rafiki yake Adélaïde alishuka kutoka mtaa wa Gihosha kwa miguu, wakae benchi moja, wagawane andazi. Njiani hakuna aliyemwuliza ni wa kabila gani. Sasa vita vina mwaka wa nne, na Adélaïde hashuki tena. Waridi anacheka kuliko darasa zima. Nyumba ikiungua mara mbili, husema, unajifunza kuchekea nje.

"Haya, Ingrid," direkteri alisema. "Baada ya Mwambutsa?"

Ingrid alivitazama viti. Akaenda, akakaa kwenye gunia.

"Ntare."

"Sawa. Na huyo alikuwa wa mwisho. Ikaja jamhuri."

"Apana, Bwana Direkteri." Tayari alikuwa amehamia kwenye khanga. "Mwezi."

"Mutoto, hakuna Mwezi aliyekuja."

"Hakuja. Lakini zamu ni yake."

Direkteri alimgeukia Waridi.

"Madamu, hiyo imo kitabuni?"

"Haimo, Bwana Direkteri. Ila tangu Pasaka huyu hajakumbuka hata jina langu."

Direkteri alifungua kalamu. Sumaya hakuwa amesikia neno. Aliona tu kwamba kiti kinachofuata kiko wazi na mchezo umesimama. Akamshika direkteri mkono wa koti, akamvuta, akamkalisha kwenye blanketi. Magoti yalimpanda hadi kifuani. Orodha ilibaki mapajani, ncha ya kalamu juu yake haijagusa karatasi, na huko nyuma mtoto mmoja akaanza kupiga makofi taratibu, kisha wa pili, wakimngoja ahame.