Mgongo Huu Si wa Mzabuni

Uji ulikuwa umeshagawiwa, na Severina alikuwa amelala chali juu ya mkeka nyuma ya stoo ya shule, magoti ameyakunja, viganja juu ya tumbo, macho kayafumba. Mtu asiyemjua angesema mama wa watu kachoka, kajilalia. Wenzake wa jikoni walijua. "Mama Dickson kaenda Newala," Mwanasha aliwaambia waliomwulizia. "Mwacheni, anarudi sasa hivi."

Na kweli alikwenda Newala, kwa namna yake. Alivuta pumzi polepole, akaitoa polepole zaidi, akaziacha taya zilegee, kisha mabega. Halafu akaanza kuushuka mteremko wa kwao, ule waliokuwa wakiushuka utotoni kufuata maji bondeni, kwani juu kule Newala visima ni vya shida. Kila alipotoa pumzi alishuka kidogo. Alisikia mchanga chini ya nyayo, halafu ubaridi, halafu akaifikia chemchemi yenyewe. Akajimwagia kata ya maji mgongoni, akajiambia maneno yake: mgongo wangu umepona, uko salama, unaweza kulegea. Maumivu hayakuondoka yote. Yalisogea mbali kidogo, kama redio ya jirani.

Alifundishwa na nesi Huruma wa hospitali ya misheni. Zamani kidogo Severina alikuwa ameanguka na sufuria humo humo jikoni, siku mwenzake alipoitwa ofisini naye akalazimika kubeba peke yake. Mfupa ulipona, maumivu yakabaki. Akachomwa sindano, akameza vidonge mpaka tumbo likamwuma, akachanjwa na mganga wa Chiungutwa, akaombewa kanisani. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, na daktari mmoja akamwambia kwa mkato kwamba anajisingizia. Huruma ndiye wa kwanza kumwambia, "Husingizii, mama. Maumivu ni ya kweli. Ila jeraha limekwisha, na mwili bado unapiga kelele kana kwamba umeumia leo."

Akamwuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza: analala vipi, anaogopa nini, nani anamkasirisha. Severina akajikuta analia, anasimulia jinsi kiwanda cha korosho kilivyofungwa, mumewe akarudi nyumbani mikono mitupu, na nyumba nzima ikamwangukia yeye. Baada ya hapo akafundishwa kujituliza, kutembea kila jioni kwa njia ya Lisekese, kuinama kidogo kidogo bila woga. Ilichukua muda mrefu, na siku nyingine alitaka kuacha. Lakini sasa aliweza kufua, kupalilia, kusonga ugali wa shule nzima na kulala usiku. Aliyaona hayo kuwa mali yake, na hakuwa na mali nyingine.

"Na hiki ni nini?"

Akafumbua macho. Mbele yake palikuwa na viatu vyeusi vya kung'aa, na ndani ya viatu alikuwa Bwana Cecil, mzabuni mpya. Tangu jiko la shule lilipotolewa kwa mtu binafsi, wapishi walikuwa wakimsubiri aje aseme nani anabaki na nani anakwenda. Leo alikuwa amekuja.

"Ni wakati wa mapumziko, Bwana Cecil," alisema Severina, akiinuka kwa ubavu kama alivyofundishwa. "Nautuliza mgongo."

"Unautuliza kwa kufumba macho?"

"Ndivyo inavyofanywa. Nesi kanifundisha."

"Basi mama, mimi siendeshi wodi."

Aliwakusanya jikoni wapishi wote watatu: Severina, Mwanasha, na Kurwa, mwanamume mwenye kifua kipana aliyepasua kuni na kusonga ugali. Mkuu wa shule alisimama mlangoni. Juu ya mafiga sufuria kubwa la maharage ya mchana lilikuwa linatokota.

"Jiko hili lina watu wengi mno," alisema Bwana Cecil. "Nataka mtu wa kazi. Atakayelitoa sufuria hili mafigani peke yake na kulifikisha pale dirishani, huyo anabaki. Atakayeshindwa, kwa heri."

Mwanasha akacheka, akidhani ni utani. "Peke yake? Hili tunabeba wawili, baba."

"Watu wawili kwa sufuria moja! Hayo yalikuwa mambo ya Ujamaa, mama. Sasa ni soko huria. Tuanze na huyu wa kulala."

Severina akamtazama mkuu wa shule. Mkuu wa shule akayatazama maua ya uani.

Akachukua matambara, akayazungushia masikio ya sufuria. Bila kazi hii mwanawe Dickson angetolewa shule, na nyumbani wangebaki na muhogo tu. Na kulikuwa na jambo ambalo mzabuni hakulijua: Severina aliona kabisa kwamba angeweza. Mara nyingi, chumbani kwa Huruma, alikuwa ameutuliza mwili mpaka nesi akimfinya mkononi anahisi ubaridi tu. Akafumba macho hapo hapo, katikati ya moshi, akatoa pumzi, akaanza kushuka. Mabega yakalegea. Kiuno kikanyamaza. Alisikia harufu ya maji.

Ndipo alipokumbuka onyo la Huruma. "Usije ukaitumia hii kujigeuza punda, mama. Maumivu ya zamani tunayatuliza. Lakini mwili ukikwambia mzigo wa leo umezidi, huo si uongo. Usikilize." Na mwili ulikuwa unasema. Alilivuta sikio moja kidogo tu, na uzito ukamfika mpaka kiunoni.

Akapandwa na hasira, hasira ya wazi isiyo na haya. Chemchemi ile ilikuwa yake. Mama yake alichota maji pale, na bibi yake, na yeye mwenyewe aliirudia kwa machozi ili apone. Leo ampeleke mtu huyu huko na viatu vyake, akachafue maji? Hata kidogo.

Akafumbua macho, akayaweka matambara chini.

"Sinyanyui."

"Sema huwezi."

"Nimesema sinyanyui. Mgongo huu nimeutibu kwa shida, na sikuutibu kwa ajili yako. Hili ni sufuria la watu wawili. Peke yangu lilishanivunja."

"Basi nenda nyumbani. Anayefuata! Wewe baba."

Kurwa angeweza. Jikoni kote walijua, maana alikuwa akibeba gunia la korosho begani huku anapiga mluzi. Alilitazama sufuria, akamtazama Severina, kisha akaiweka mikono nyuma.

"Na mimi siwezi."

"Wewe? Na kifua hicho?"

"Kifua ni cha kuvutia pumzi, bosi."

"Mimi ndiyo usiniulize kabisa," alidakia Mwanasha.

Kengele ikalia. Wanafunzi wakajaa dirishani na sahani zao, wakaanza kuzigonga na kupiga kelele za njaa. Maharage yakaanza kunukia kuungua. Bwana Cecil akalishika sufuria mwenyewe, bila matambara, akaliachia mara moja, akawa anapuliza vidole huku mchuzi ukimrukia suruali.

Mkuu wa shule sasa akapata sauti. "Waache wabebe wanavyobeba, Bwana Cecil. Watoto hawa wakianza fujo sitawaweza."

"Haya, bebeni! Leo tu," alisema mzabuni. "Kesho naleta watu wengine. Vijana wamejaa hapo Lisekese, hawana kazi. Watanyanyua hata mlima."

Ilikuwa kweli, na Severina alijua kuwa ni kweli, kwani mumewe naye alikuwa mmoja wa hao wasio na kazi. Woga ukamgusa kiunoni, pale pale pa zamani. Akavuta pumzi, safari hii macho wazi, akamwachia Kurwa sikio la pili la sufuria. Wakanyanyua pamoja, wakatembea taratibu, wakalitua dirishani bila kumwaga tone.

"Walete," alimwambia mzabuni, akifuta mikono kwenye khanga. "Alfajiri tutakuwa hapo getini sote watatu. Tutawaonyesha hao vijana sufuria hili linavyobebwa na watu wawili, na kwa nini."

Kisha akachukua upawa, akaanza kuwapakulia watoto.