Tangazo la Bi Kijakazi

Mwanahija alilelewa Kiranjeranje, na kwao jina la mtu aliye hai halitajwi pamoja na kifo hata kwa utani. Likikuponyoka, unatema mate chini na kumwomba Mungu msamaha. Lakini kompyuta ina haraka zake, na mafunzo yale ya Kilwa Masoko yalikuwa ya siku mbili tu. Atakayeshindwa, kazi ya ukarani wa kata ataisikia kwa majirani.

Siku ya pili mwalimu Modesti, kijana wa Dar, akawaambia waandike tangazo la msiba.

"Hili ndilo mtakaloandikishwa kila mara," alisema. "Ukilipanga vizuri mara moja, unalihifadhi. Siku nyingine unabadilisha jina tu."

"Jina la nani, mwalimu?" aliuliza Zuwena, mama mtu mzima aliyekaa jirani na Mwanahija.

"La yeyote."

"Yeyote wa kwenu au wa kwetu?"

Darasa likacheka. Zuwena akaandika jina la babu yake aliyezikwa zamani, na wengine wakamfuata. Mwanahija alikuwa nyuma, vidole vinadonoadonoa herufi kama kuku. Jina lililomjia upesi ni la mama yake. Bi Kijakazi amefariki dunia. Mazishi leo alasiri, Kiranjeranje. Akalizungushia tangazo mstari mweusi. Mate hakutema, angetema wapi, kwenye vigae vya watu?

"Sasa tumeni kwenye kundi letu la WhatsApp, niyaone," alisema Modesti.

Kwenye WhatsApp yake, waliyoiunganisha na kompyuta jana, Mwanahija akabofya kundi lililokuwa juu kabisa. Lilikuwa la ukoo.

Alipogundua, nusu saa ilikwisha kupita; alilifuta tangazo, lakini ndugu walikwisha kuliona. Akatoka nje barazani akampigia mama yake.

"Kumbe nimekufa?" Bi Kijakazi alicheka. "Majirani wamekuja na mikeka yao wamenikuta napepeta mchele. Nimewaambia wasirudi bure, wanisaidie kuchambua."

"Nisamehe, mama. Nilikuwa najifunza."

"Nimekusamehe. Lakini umenichuria, mwanangu, na kifo kikishaitwa hakipendi kurudi mikono mitupu." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kaka yako umemwambia?"

"Kaka Rehani? Bado."

"Mkewe kanipigia sasa hivi. Kusikia sauti yangu akaangusha simu. Alipoiokota kaniambia Rehani katoka Rondo na pikipiki, analia, anawahi kunizika. Hata kofia ngumu hakuvaa. Na huko mvua imeshika tangu asubuhi."

Mwanahija aliijua barabara ya kushuka Rondo. Udongo wake mwekundu ukilowa huteleza kama mlenda, na Rehani ni mtoto wa kwanza. Maiti haingoji, na mama hazikwi bila yeye.

Akampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita vilevile, ndefu, peke yake. Alipopiga mara nyingine haikuita kabisa.

"Dada Mwanahija," Modesti alimwita kutoka ndani, "lako limetoka zuri kuliko yote. Nimekuhifadhia."

Akaingia. Tangazo lilikuwa wazi kwenye kioo, mstari mweusi umelizunguka, kila neno mahali pake. Na pale kwenye jina, kile kijiti chembamba cha kuandikia kilikuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kinangoja.