Kinara Kilichobonyea

Anjela alikuwa fundi wa kukereza mbao pale Mbamba Bay, kando ya barabara ipandayo Mbinga. Asubuhi moja sokoni alisikia kwamba Mzee Cletus, mtunza kanisa wa kigango kimoja upande wa Lundo, ameokotwa sakafuni kanisani hajitambui. Watu walisema ameteleza.

Alipofungua karakana, akaingia Edmund, mweka hazina wa kigango hichohicho, amebeba kitu ndani ya kitenge.

"Kilianguka," alisema. "Niondolee mibonyeo hii. Lazima kirudi altareni kabla ya ibada ya jioni."

Kilikuwa kinara cha mshumaa, cha mti wa mninga. Anjela alikikereza mwenyewe, pamoja na kingine cha kufanana nacho. Kilikuwa kimepanguswa vizuri. Lakini kwenye tako palikuwa na mibonyeo miwili ya kina, na ndani ya mmoja umenasa unywele mweupe.

Aliuondoa mkono upesi.

"Vipi?" Edmund aliuliza, akisogea kuziba mlango.

"Hamna kitu. Mti haukukatika, umebonyea tu. Utainuka."

Alitia makaa kwenye pasi, akalowesha kitambaa, akakilaza juu ya mbonyeo usio na unywele na kuukandamiza kwa pasi. Mvuke ulifuka. Mti ulikunywa maji, ukavimba, na shimo likaanza kujaa. Akimaliza na la pili, hakuna atakayejua kilichompata mzee. Shahidi atabaki yeye tu, na Edmund alikuwa anamtazama.

"Fanya haraka, fundi."

"Makaa yanazimika. Mkaa upo kwa jirani hapo."

"Twende wote."

Walivuka barabara, Edmund yu nyuma yake karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Muuza mkaa alikuwa Leopold, mdogo wa mumewe, shemeji aliyemtania kila siku. Anjela alipiga goti.

"Shikamoo, baba. Naomba mkaa."

Leopold alianza kucheka. Akamwangalia usoni, kicheko kikakatika. Akamwangalia na yule aliyesimama nyuma yake.

"Marahaba, mwanangu," alijibu taratibu. "Tangulieni, nitauleta."

Karakanani, Anjela alipitisha pasi pale pasipo na kitu, akiukwepa ule unywele.

"Hapo hapajabonyea," Edmund alisema. Aliinama juu ya kinara, akauona ule unywele. Akaokota patasi mezani.

Anjela alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye mashine, pasi ya moto ikiwa mkononi.

"Iweke chini hiyo patasi!"

Leopold alikuwa mlangoni na wabeba mizigo wa bandarini. Edmund aliwatazama mmoja mmoja, kisha vidole vyake vikalegea.

Mzee Cletus alipopata fahamu hospitalini, alisema alimfumania Edmund akivunja sanduku la sadaka, kisha hakumbuki zaidi ya kinara kikiinuliwa.

Watu walikuja kumpongeza Anjela. Aliwashukuru, akawakaribisha viti. Lakini kwa muda mrefu, kivuli cha mteja kilipoingia mlangoni, alishika kwanza kitu kizito, ndipo akauliza, "Nani?"